Aliyechukuliwa na Mamba Alikosa Nini?



Katika miaka yetu ya ualimu tuliulizwa maswali mengi, na mengi yake yalijibiwa kwa chaki na ubao. Lakini liko moja tuliloulizwa na mtoto wa darasa la nne, nasi hatukulijibu. Alisimama katikati ya somo la hesabu, akasema: "Mwalimu, mtu akichukuliwa na mamba, huwa amekosa nini?" Darasa lote likanyamaza. Tulimwambia akae, tukaendelea na hesabu za sehemu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu hamnyamazishi mtoto anayeuliza swali la kweli. Siku ile tulilikimbia fundisho hilo.

Mtoto yule hakuuliza kwa udadisi. Aliyechukuliwa alikuwa baba yake.

Sasa tumestaafu, na nafasi ya kufikiri tunayo. Swali lile nalo halijastaafu. Kila mara ziwa au mto unapomchukua mtu, utalisikia likiulizwa chini ya mwembe, msibani, hata nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Kwa hiyo twaomba ruhusa yenu tujaribu kulijibu, ingawa tumechelewa.

Kwanza tueleze yaliyotokea. Hapa Simbo wengi wetu twaishi kwa jembe na michikichi, lakini wako wanaume wanaoshuka ziwani wakati wa giza la mwezi kuvua dagaa, na mbalamwezi ikirudi, nao hurudi nyumbani. Baba wa mtoto yule alikuwa mmoja wao. Jioni moja alikuwa akiosha nyavu mahali ambapo mto huingia ziwani, maji yakimfika magotini. Wenzake walisikia maji yakipiga mara moja tu. Walipogeuka, waliona nyavu peke yake. Siku ya tatu walipata kidogo cha kuzika, nasi tukazika.

Kabla ya tanga kuanuliwa, maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba yule hakuwa mamba wa Mungu, bali mamba wa kutumwa. Na kama ametumwa, yuko aliyemtuma. Macho yakamwendea bibi mmoja mjane, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa marehemu. Bibi huyo alikuwa akimdai marehemu fedha za madebe mawili ya mawese, na siku moja, mbele ya watu, alikuwa amesema kwa hasira, "Haya, Mungu ataamua kati yetu." Maneno hayo, ambayo kila mmoja wetu amekwisha kuyasema maishani, yakageuzwa kuwa ushahidi. Mzee mmoja akasimama mkutanoni akasema, "Lisemwalo lipo," na watu wakaitikia kana kwamba hakimu ametoa hukumu.

Nasi tulikuwepo. Tulikaa kwenye benchi la mbele, maana mwalimu hupewa benchi la mbele. Tuliombwa tuandike kumbukumbu za mkutano, tukaandika kwa mwandiko mzuri kwamba mama huyo "ameshauriwa kuhama kwa usalama wake." Hatukuamini hata kidogo kwamba alimtuma mamba. Lakini hatukusema neno. Keshoye alfajiri aliondoka na kitanda chake na kuku wawili.

Basi tulitafakari swali hili kwa utaratibu, kama tulivyozoea darasani. Tuanze na mamba mwenyewe. Je, mamba ana hatia?

Mamba hamjui mtu kwa jina. Anachojua ni mazoea. Hulala majini kimya, macho na pua tu vikiwa juu, akangoja mahali ambapo wanyama na watu hushuka kila siku kwa saa ile ile. Akishika, huvuta mpaka kwenye kina, akazamisha. Hufanya hivyo kwa mbuzi, kwa mbwa na kwa mtu. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akivuka Mto Malagarasi, siku chache kabla ya kumkuta Dkt. Livingstone pale Ujiji, mamba alimkamata punda wake mmoja shingoni akamzamisha. Punda huyo aliitwa Simba, lakini jina halikumsaidia. Hatudhani kwamba alitokea mtu wa kuuliza punda yule alikosa nini.

Ili tuseme kiumbe ana hatia, yahitajiwa mambo mawili: ajue kwamba analotenda ni baya, na awe na uwezo wa kutolitenda. Mamba hana la kwanza wala la pili. Hana amri aliyopewa akaivunja. Ana njaa, na ana subira.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa hana hatia, tumwache aendelee kula watu? Hasha. Mti uliooza ukining'inia juu ya njia ya watoto wa shule, twaukata, wala hatuuhukumu. Kumwondoa mamba anayeua ni ulinzi, si adhabu. Mwaka 2005, katika kijiji cha Luganga nchini Uganda, kwenye Ziwa Victoria, alikamatwa mamba ambaye watu walimwita Osama. Ilisemekana kwamba tangu mwaka 1991 alikuwa amekula watu 83. Wanakijiji wengi walitaka auawe, lakini maofisa wa wanyamapori walimpeleka kwenye shamba la kufugia mamba. Twaelewa uchungu wa waliofiwa. Lakini tujiulize: mamba yule, akiwa amefungwa na kuondolewa majini, je, kumuua kungemrudisha mtu hata mmoja? Lililotakiwa ni ziwa liwe salama, na hilo lilikuwa limekwisha kupatikana.

Ziwa letu la Tanganyika nalo lina mamba wake aliyepewa jina. Kule kaskazini, nchini Burundi, mahali ambapo Mto Ruzizi huingia ziwani, aliishi mamba mkubwa mno. Mfaransa mmoja aliyekaa nchini humo, Patrice Faye, alimwita Gustave. Alikadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, ingawa hakupata kupimwa. Mwilini alikuwa na makovu yaliyosemekana kuwa ya risasi. Mwaka 2002 Faye na wenzake walijaribu kumkamata akiwa hai, wakatega kizimba kikubwa cha chuma chenye chambo. Gustave hakuingia. Habari zake zikaenea dunia nzima, na ikasemwa kwamba ameua watu 300.

Hesabu hiyo haikuthibitishwa na mtu yeyote. Mamba katika maji yale ni wengi, na mtu akipotea jioni katika matete si rahisi kujua ni yupi aliyemchukua. Tena miaka hiyo, tangu 1993, Burundi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na si mamba peke yao waliokuwa wakiua watu. Lakini jina likiisha kupatikana, kila msiba huweza kutundikwa juu yake kama nguo juu ya msumari. Hapo ndipo penye hatari. Mwanadamu akiumia hutafuta uso wa kuuchukia. Akipata uso wa mamba, si neno kubwa. Asipotosheka na uso wa mamba, hutafuta uso wa jirani.

Hayo si ya Kigoma tu. Kule Njombe, katika miaka ya 1930 na 1940, simba walikula watu wengi sana. George Rushby, bwana nyama aliyewasaka mpaka mwaka 1947, alisema waliokufa ni zaidi ya 1,500. Inasimuliwa kwamba wenyeji waliamini simba hao wanatumwa na mtu mmoja aliyevuliwa cheo chake, na kwamba dawa ni kumrudishia cheo. Wengine waliogopa hata kuwataja simba kwa kinywa. Tazameni basi, ndugu zetu, imani ya namna hiyo humfaidia nani? Humfaidia simba. Wakati watu wanatazamana kwa hofu, yeye hupita.

Najua, na nyinyi mwajua, kwamba hapa atasimama ndugu na kusema, "Mwalimu anataka kutuambia uchawi haupo." Hatukuja kubishana juu ya hilo leo. Tunauliza neno moja tu. Hata yule anayeamini kwamba upo, atathibitishaje kwamba bibi fulani alimtuma mamba fulani jioni fulani? Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, haikubali mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Hutaka wawili au watatu. Katika mkutano ule hakukuwa hata na shahidi mmoja. Kulikuwa na methali.

Na sasa tulitazame swali la mtoto: marehemu alikosa nini? Swali hili ni la zamani. Bwana wetu aliletewa habari kama hizo, nazo zimeandikwa katika Luka sura ya 13. Mnara wa Siloamu ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Akauliza wasikilizaji kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakaao wote wa Yerusalemu, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Na baada ya hapo hakuwaambia wakamtafute aliyeuangusha mnara kwa siri. Aliwaambia watubu wao wenyewe. Vivyo hivyo katika Matendo ya Mitume sura ya 28, Paulo aliumwa na nyoka kisiwani Melita. Watu wakasema papo hapo kwamba lazima ni mwuaji. Walipoona hafi, wakageuka wakasema ni mungu. Walikosea mara mbili katika saa moja, na kosa lilikuwa lile lile: walidhani kwamba jino la mnyama ni barua kutoka mbinguni inayoeleza moyo wa mtu. Jino la mnyama ni jino tu.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni rahisi. Baba yule hakukosa kitu. Alikuwa akiosha nyavu.

Hata hivyo tusiishie hapo, maana tukiishia hapo tutakwenda kulala na dhamiri nyepesi kupita kiasi. Mamba hana hatia, marehemu hana hatia, na bibi hana hatia. Je, hakuna mwenye hatia kabisa?

Torati hutufundisha jambo la hekima katika Kutoka sura ya 21. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huuawa, na mwenyewe huachwa bila hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga watu, na mwenyewe amekwisha kuonywa, naye hakumfunga, hapo hatia humrukia mwenyewe. Ng'ombe ni yule yule na kifo ni kile kile. Kilichobadili hukumu ni onyo. Aliyeonywa na asitende jambo, huyo ndiye mwenye swali la kujibu.

Ndugu zetu wa pwani hawana habari za mamba sana. Wao wana papa. Basi tuchukue mfano wa papa, wa Marekani, katika jimbo la New Jersey. Katika siku 12 za mwezi Julai 1916 papa waliua watu wanne huko. Wawili kati yao walishambuliwa katika kijito cha Matawan, mahali ambapo hakuna aliyetazamia papa. Mchana ule nahodha mmoja mstaafu, Thomas Cottrell, alimwona papa akipita chini ya daraja kuelekea juu. Alikimbia mjini akawaonya watu. Hawakumwamini, walidhani jua limemwingia mzee. Muda mfupi baadaye kijana wa miaka 11, Lester Stillwell, alivutwa chini alipokuwa akiogelea na wenzake. Stanley Fisher, fundi cherehani wa miaka 24, aliingia majini kuutafuta mwili wa mtoto yule, naye akashambuliwa, akafa siku ile ile.

Baadaye watu walitoka na bunduki na baruti, wakaua papa kwa hasira. Na hata leo hasira hiyo haina kipimo: kwa wastani papa huua watu wachache tu kwa mwaka duniani kote, hawafiki kumi, hali wataalamu walikadiria mwaka 2013 kwamba wanadamu huua papa wapatao milioni 100 kila mwaka. Lakini si baruti ambayo ingemwokoa Lester. Kilichoweza kumwokoa ni masikio. Mzee alisema, na watu hawakusikia.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Kabla ya kifo cha mvuvi yule, mwezi huo huo, mbuzi wawili na mbwa mmoja walikuwa wamechukuliwa mahali pale pale. Kina mama walikuwa wameomba matete yafyekwe ili maji yaonekane. Waliambiwa wangoje. Siku ya kufyeka haikupangwa. Sisi tulijua habari za mbuzi. Tulizisikia njiani tukienda shule, tukasema "Pole," tukapita. Kijiji kizima kilikuwa kimeonywa.

Mtaona basi kwa nini mkutano ule ulimtaka sana yule bibi. Kama mamba alitumwa, sisi sote tumesalimika. Mbuzi si neno, matete si neno, kina mama waliokatazwa kusikilizwa si neno. Kufyeka matete ni kazi ya siku nzima, jua kali, na panga. Kumfukuza mjane ni kazi ya jioni moja, watu wakiwa wamekaa. Tulimpa mzigo wetu autwike, akaondoka nao alfajiri pamoja na kuku zake wawili.

Twawaombeni basi, wapendwa, mambo matatu.

La kwanza, msiba ukitokea, tukae na waliofiwa, tuchote maji, tupasue kuni, wala tusiulize nani. Aulizaye nani kabla ya kaburi kukauka hatafuti ukweli.

La pili, tuulize mapema swali lililo halali: ni nani amekwisha kuona? Mtoto akisema ameona mamba, aaminiwe kwanza, achunguzwe baadaye. Mwalo ufyekwe. Maji yachotwe kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu. Jioni na usiku mtu asioshe nyavu wala vyombo akiwa peke yake ndani ya maji. Mamba hujifunza saa zetu. Tusimpe saa moja kila siku. Wilayani Sengerema, kwenye Ziwa Victoria, mamlaka ya wanyamapori imejenga kizimba majini ili watu wachote maji ndani yake. Kijiji kinachopeleka taarifa mapema chaweza kuomba msaada kama huo. Iko pia haki ya kifuta machozi: kwa kanuni za mwaka 2011, familia ya aliyeuawa na mnyama hatari iliwekewa shilingi 1,000,000. Fedha si uhai, lakini mjane aliyeachiwa watoto asikose kilicho chake kwa sababu hakuna aliyemwandikia barua. Walimu wastaafu, kazi hiyo ni yetu. Mwandiko tunao.

La tatu ndilo gumu. Siku mkutano utakapomgeukia mtu asiye na msemaji, mmoja wetu asimame. Si lazima awe na hotuba. Yatosha aulize, "Nani aliona?" na abaki amesimama mpaka ajibiwe.

Baada ya kustaafu tulisafiri mpaka kwa dada yake bibi yule, upande wa Uvinza, kumwona. Alikuwa mzee sana, lakini akili timamu. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akatutazama kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ulikaa wapi? Macho yangu yalikuwa na maji, sikukuona." Tulimjibu kwamba tulikaa benchi la mbele. Akasema, "Basi nilidhani hukuja." Hakuongeza neno. Alitukaribisha chai.

Tuliporudi tulimtafuta yule mtoto wa darasa la nne, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne na ana mtumbwi wake. Tulimwambia: "Uliwahi kutuuliza swali, na hatukukujibu. Baba yako hakukosa kitu. Sisi tulikosa." Alinyamaza, akashika kofia yake mkononi. Halafu akauliza madebe mawili ya mawese ni bei gani siku hizi. Wiki iliyofuata alipanda gari kwenda Uvinza, na fedha mfukoni, kulipa deni la baba yake.

Tunamshukuru Mungu kwamba alimkuta bibi akiwa hai.